Mama Aliyedhani Kiswahili Chake ni cha Kuagiza Tu

Habari ya kifo chake tuliletewa na simu yake mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, saa ambazo wengi wetu hufungua kundi letu la mtandaoni kabla ya kutoka kwenda kazini, kuona kama kuna aliyeandika jambo jipya. Jina lake lilipotokea juu ya ujumbe, nilifurahi, kwa kuwa alikuwa amenyamaza kwa muda na tulijua anaumwa. Kumbe aliyeandika ni mwanawe. Aliandika kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi za mtu asiyejua anazungumza na nani: kwamba mama yake amefariki, kwamba mwili umeshateketezwa kule Thika kwa desturi ya dini yao, na kwamba amelikuta kundi hili kwenye simu ya marehemu na hajui ni la nini, ila ameona watu wakiuliza hali yake. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Ruiru. Nilizima jiko, nikausoma ujumbe ule tena polepole, na siku ile sikuandika chochote cha maana.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi na wenzangu wachache tulianzisha kundi la watu wanaopenda kuandika hadithi na kumbukumbu kwa Kiswahili. Hakuna ada wala mwenyekiti. Mtu huandika, wengine husoma na kutoa maoni, basi. Mama huyu nilimwingiza kundini kwa njia ambayo sikuitarajia. Tulikutana kwenye benchi la kliniki ya macho mjini Thika, tukisubiri kuitwa. Alikuwa na gazeti mkononi, lilelile lenye safu hii, akifuata mistari kwa kidole na kusogeza midomo. Akainua macho, akatazama picha iliyo juu ya safu, akanitazama mimi.

"Ni wewe unaandika hii?"

Nikakubali kwamba ni mimi.

"Sasa mtu akitaka kuandika hivi, anaenda wapi?"

Nilimweleza habari za kundi. Akanikabidhi simu yake bila kusita, nimuingize papo hapo. Wakati tunangoja zamu zetu alinisimulia kidogo kumhusu. Alizaliwa Thika katika ukoo wa wafanyabiashara Wahindu, akaolewa Thika, akauza vitambaa dukani pamoja na mumewe hadi mumewe alipofariki. Duka likafungwa, mwanawe akiwa ameshahamia ng'ambo. Alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya ghorofa, si mbali na hekalu lao. Nilipomuuliza anataka kuandika nini, alisema kuna mtu anataka kumwandika. Hakuniambia ni nani.

Kisha akanyamaza. Kwa miezi mingi jina lake lilikuwa pale katika orodha ya wanakundi, na kila tulichokiandika alikisoma, lakini hakutia neno. Hakusema hata asante. Nilimpigia simu mara moja moja kumsalimu, nikimsihi aandike japo mistari mitatu. Siku moja alinijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kusihiwa.

"Wewe huelewi. Mimi Kiswahili yangu ni ya kuagiza tu. Leta. Weka. Funga mlango. Pima mita mbili. Hiyo ndiyo nilisikia nyumbani, hiyo ndiyo niliongea dukani. Nyinyi mnaandika vizuri, mko na maneno ya kulia na ya kucheka. Mimi niko na maneno ya kutuma watu. Hadithi gani inaandikwa na maneno kama hiyo?"

Nilimwambia kila nilichojua kumwambia mtu mwenye woga. Nikasema lugha hujengeka kwa kutumiwa, nikasema hakuna atakayemcheka. Hili la pili hakuliamini, na alikuwa na sababu. Katika kundi letu kulikuwa na mwalimu mstaafu, mkazi wa Ruiru, mtu mwenye moyo mzuri lakini mkali kwa makosa ya sarufi. Mtu akiandika "kitabu yangu", mwalimu hakumaliza dakika tano kabla ya kumrekebisha mbele ya wote. Baadaye mama aliniambia kwamba kila alipokuwa akiandika sentensi, alimuona mwalimu akiitazama, akaifuta.

Kilichomfungua si ushauri wangu. Kuna mama mmoja mwenye saluni huko Gatongora, mwanakundi pia, ambaye siku moja aliandika juu ya mimba yake iliyoharibika na nguo za mtoto alizokuwa ameshazinunua. Aliandika jinsi alivyozungumza, Kiswahili kimechanganyika na Kiingereza na Kikuyu, ngeli zikienda zinakotaka. Mwalimu akajitokeza na orodha ndefu ya masahihisho. Sote tuliona aibu, kila mmoja akingoja mwenzake amtetee. Mama wa saluni akajibu mwenyewe: "Asante mwalimu kwa ngeli, nitazisoma. Lakini niambie ukweli, ulipofika pale kwa nguo za mtoto, ulilia ama hukulia?" Kisha mwalimu akaandika neno moja: "Nililia."

Mchana huohuo simu yangu ikalia. Alikuwa ni mama wa Thika. "Umeona?" akasema. "Mwalimu amelia na Kiswahili mbaya. Sasa mimi nitaandika." Aliponitumia alichokiandika nikisome kwanza, nilikataa kukisoma, nikamwambia akiweke mbele ya wote kama wengine wanavyofanya. Akakiweka, akazima simu, akaenda hekaluni.

Alikuwa amemwandika yaya wake, kama alivyonieleza baadaye, mwanamke aliyetoka magharibi ya nchi akiwa msichana kuja kutafuta kazi Thika, akaajiriwa na wazazi wake kumlea, na baadaye akawalea watoto wake pia. Na kwa vile aliamini hana maneno mengine, alikuwa ameandika amri tupu. Hakueleza lolote, hakumtaja mtu jina. Aliandika tu yale aliyomwagiza mwanamke yule, tangu utotoni hadi utu uzima. Nibebe. Nifunge kiatu. Usiambie mama. Leta maji, si hiyo, ya baridi. Rudia ile hadithi ya jana. Ngoja hapo nje. Hapana, usikalie hiyo kiti. Shika mtoto. Shika mtoto vizuri. Osha tena. Mbona umechelewa, sema ukweli. Imba ile uliniimbia mimi, mwimbie na yeye. Karibu na mwisho unatambua kwamba yaya amezeeka, macho yamefifia, na anataka kurudi kwao. Amri zinapungua, zinakuwa laini. Kaa kidogo. Kula kwanza. Subiri mvua iishe. Usiende. Chini yake aliongeza sentensi moja ambayo haikuwa amri: "Hiyo tu ndiyo alikataa kufuata."

Nilipomaliza kusoma niliweka simu mezani. Nimeandika kwenye magazeti kwa miaka, na ningetamani sana kuwa ndiye niliyeyapanga maneno yale.

Majibu yalipoanza kuingia hayakuwa yote ya sifa. Kijana mmoja aliandika kwamba hawa ndio waliokuwa wakiwatuma wazee wetu kama watoto, na sasa wanataka wahurumiwe. Wengine wakamkemea, wengine wakamuunga mkono, na kwa saa kadhaa kundi lilichemka kuliko nilivyowahi kuliona. Nilimwogopea. Nilijua akiwasha simu na kukuta yale, atatoka kundini na hatarudi. Jioni akawasha, akasoma yote, akamjibu kijana yule kwa mstari mmoja: "Ni kweli umesema. Hata hiyo kiti ni kweli. Nimeandika ndiyo ijulikane." Hakujitetea zaidi ya hapo, wala hakuomba asifiwe.

Mwalimu alikuwa hajasema kitu siku nzima. Sote tulidhani anakusanya makosa. Kesho yake aliandika maneno ambayo sikutarajia kuyasoma kutoka kwake. Alisema alikulia mtaa wa Makongeni, Thika, na kwamba mama yake mzazi alifanya kazi ya uyaya kwenye nyumba za namna ile mjini Thika, akirudi jioni miguu imevimba. Hakuwa yaya yuleyule, hilo alihakikisha, lakini amri zilikuwa zilezile; mama yake alikuwa akizirudia nyumbani kwa sauti ya tajiri wake ili watoto wacheke. "Miaka yote," aliandika, "nilidhani walioagiza wamesahau. Nimeshangaa kujua kwamba kuna anayekumbuka hata maji yalikuwa ya baridi."

Mwezi uliofuata mwalimu aliniomba nimsindikize Thika. Alitaka kuonana naye ana kwa ana. Mama alitupokea mlangoni, amevaa sari nyeupe. Alikuwa ameandaa chai na vitafunio vya kutosha watu kumi, na alikataa katakata kusaidiwa. Akamimina, akaleta sukari, akarudi jikoni kuchukua vijiko, akarudi tena kuchukua sahani, akasimama kando ya meza kama anayengoja kutumwa. Mwalimu akamvutia kiti kilichokuwa karibu naye. "Mama, kaa," akasema. Akakaa. Walizungumza hadi jua lilipoinama, hasa habari za wale wanawake wawili, yaya na mama yake mwalimu: walivyofunga vitambaa kichwani, walivyopika, nyimbo walizowaimbia watoto wa watu wakati watoto wao wenyewe hawapo nao. Mimi sikuwa na kazi pale zaidi ya kunywa chai. Sikusikia mtu akiomba msamaha wala mtu akisamehe. Mwalimu alipokuwa akiondoka alimwambia tu kwamba pale alipoandika "hiyo kiti" ilifaa iwe "hicho kiti". Mama akacheka, akasema ataandika tena, na kwa kweli aliandika.

Tangu hapo hakunyamaza tena. Vijana wa kundi walimwita Shosh, kama wanavyowaita nyanya zao, na jina hilo lilimpendeza. Aliandika juu ya duka, juu ya ujane, juu ya lugha tatu alizozigawa kama vyumba vya nyumba: Kigujarati cha sala na ugomvi, Kiingereza cha daktari na benki, Kiswahili cha kutuma. Nilipoyasoma hayo niliona kwamba hakuwa akieleza nyumba za Wahindi peke yao. Pita leo kwenye mitaa yetu mipya yenye mageti, Membley na kwingineko, usikilize. Watoto wanabembelezwa kwa Kiingereza, wazee wanasalimiwa kwa Kikuyu au kwa lugha ya kwao, na Kiswahili kinatolewa nje kwa mlinzi na kwa dada wa kazi: fungua, anika, peleka. Lugha tunayosema ni ya taifa tumeifanya ya mlango wa nyuma, kisha tunalalamika kwamba haina maneno ya mapenzi wala ya majonzi. Maneno inayo. Ni sisi ambao hatujawaambia maneno hayo wale tunaoishi nao.

Ugonjwa ulipomzidi maandishi yake yalifupika, mengine yakawa mstari mmoja, kisha hayakuja tena. Baada ya ule ujumbe wa mwanawe, mwalimu, mama wa saluni na mimi tulikwenda Thika kutoa pole. Tulimkuta mwanawe, aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo, mtu mpole wa makamo, amekaa katikati ya masanduku asijue aanze kufunga lipi. Alituuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa kukosea adabu, tulimjua mama yake kutokana na nini. Tulipomwambia kwamba alikuwa mwandishi, alidhani amesikia vibaya. "Mama yangu?" akauliza. "Kwa Kiswahili?" Basi mwalimu akamsomea kile kipande cha kwanza, polepole, kwa sauti ile ya darasani. Nilikuwa nimejiandaa kumfasiria. Haikuhitajika. Maneno yale yote aliyajua, kwa kuwa ndiyo aliyoyasikia akikua katika nyumba ile. Mwalimu alipofika pale pa "imba ile uliniimbia mimi", mwanamume yule aliinamisha uso, na mama wa saluni akasogea, akamshika bega.

Tulirudi Ruiru. Nimefikiri tangu siku ile juu ya miezi yote aliyokaa akitusoma kimya, akiandika na kufuta, na jinsi ambavyo angeweza kufa katika hali hiyo na sisi tusijue tumekosa nini. Kile Kiswahili cha kuagiza alichokionea haya ndicho hasa sisi wengine hatukuwa nacho. Najua kwamba kati yenu mnaosoma hapa wapo wanaokaa pembeni ya kundi fulani, la waandishi au la watu wengine, wakingoja lugha yao itakate kwanza. Msingoje. Leteni iliyopo, pamoja na makosa yake na haya yake. Na sisi tuliotangulia kuingia, tunaojua ngeli na tunaopenda kuonyesha kwamba tunazijua, tujizoeze adabu moja ndogo: mtu akishaandika, tumsome mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu nyekundu.