Dakika Ishirini Bila Salamu

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Kwa gari alilopanda baba yangu mdogo, ni siku tatu. Hawezi kupita boma la mtu anayemfahamu bila kushuka kusalimia, na katika njia ile hakuna asiyemfahamu. Ndiyo maana, siku ya kwenda kuniposea, nilikata tiketi mbili za ndege.

Sikuwa na nafasi ya kuchelewa. Baba wa mchumba wangu, mfugaji, alikuwa amesema wazi: jua likipinduka anaswaga ng'ombe kwenda Lokiriama kutafuta malisho, na posa isiyozungumzwa kabla ya hapo itasubiri mvua. Na mvua ya Turkana ni kama shairi, haiji kwa kuitwa.

Ndege ilikuwa ndogo hata tukapimwa uzito pamoja na mizigo. Baba mdogo alipanda mizani na kigoda chake mkononi, fimbo kwapani. Tulipopaa, Mto Turkwel ulibaki chini kama ushanga uliokatika shingoni. Mimi nilikuwa nikitunga sentensi za kuwaambia wakwe. Yeye alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo.

"Lile si boma la shemeji yangu? Tunampita?"

"Tunampita, baba."

"Juu ya kichwa chake? Bila salamu? Mwambie dereva apunguze."

Rubani akacheka. "Mzee, nikipunguza tutamwangukia."

"Basi tutakuwa tumefika kwake."

Baada ya dakika kama ishirini, magurudumu yakagusa Kakuma. Saa nne tulikuwa kivulini kwa wakwe, kati ya wazee wa boma, nami nikijipongeza kimoyomoyo.

Ndipo baba mkwe akauliza habari za njia. Nani mgonjwa, nani amejifungua, kisima kipi kimekauka. Kwetu mgeni hutoa habari kwanza. Haja yake hufuata.

Baba mdogo akainama. "Sina."

"Umetoka Lodwar, huna habari?"

"Tuliruka."

Wazee wakatazamana. "Mtu asiye na habari," mmoja akasema, "ama amefukuzwa kwao, ama anaficha msiba."

Jua lilizidi kupanda. Nikajaribu kusaidia: nikasema mawingu yalikuwa mazuri sana.

"Yana maji?" akauliza baba mkwe.

"Hapana. Mazuri tu."

Mama mkwe akaguna mlangoni. "Na huyu ndiye anayetaka kuoa."

Ghafla baba mdogo akainua kichwa. "Nyasi! Niliona nyasi. Nyuma ya vilima, katikati ya safari, mahali pasipo na boma hata moja. Mbichi kabisa, kama mvua ilimwagika pale kwa kukosea."

Wazee wote wakasimama. Kilima kipi? Upande gani? Baba mdogo akachora mchangani kwa fimbo, na safari ya Lokiriama ikafa palepale. Nikadhani sasa tutazungumza. Baba mkwe akanitwisha dumu la maji.

"Posa haikauki, kijana. Nyasi zinakauka. Tembea."

Tulitembea siku mbili, nyuma ya mikia ya ng'ombe, kuirudia njia niliyoiruka kwa dakika kumi. Posa ilizungumzwa huko huko malishoni, na baba mkwe, akisikiliza ng'ombe wake wakitafuna, alikubali karibu kila kitu. Alitoa sharti moja tu: kila kiangazi, baba mdogo apandishwe ndege akaangalie.

"Na tiketi?" nikauliza.

Wazee wote wakanigeukia, kwa upole mkubwa, kama watu wanaomtazama mkwe.