Sale Mkononi mwa Mzee Primus

Kornel anauza rangi za nyumba katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, na kazi hiyo imemharibia macho kwa namna yake. Mtu mwingine akiona mgomba anaona ndizi. Kornel anaona kijani cha kila aina na kuanza kuwaza kopo lipi lichanganywe na lipi. Mkewe alishachoka kuambiwa kwamba ukuta wa jirani una njano iliyokosewa. Siku Kornel alipojiunga na klabu ya wapiga picha, mama wa watu alimshukuru Mungu kwamba sasa wamepatikana wengine wa kumsikiliza.

Klabu yenyewe hukutana Jumamosi jioni kwenye baraza la mgahawa wa chai, na haina makuu. Wengi wana simu tu. Anayewafundisha ni Evelyn, mama aliyepiga picha za harusi na kipaimara mpaka magoti yakagoma, na ulimi wake hauna breki. "Futa kwanza kioo cha kamera," humwambia kila mgeni, "umetoka kula chipsi na hicho kidole." Ukitaka mtu aonekane karibu, usimvute kwa vidole kwenye skrini, msogelee kwa miguu. Bana viwiko mbavuni mkono usitetemeke. Jua la saa saba waachie wanaoanika kahawa. Sura zetu nyeusi zinapenda kivuli chenye mwanga, kama cha mlangoni au pembeni mwa migomba asubuhi, na uguse uso wa mtu kwenye skrini ili simu ijue unamtaka nani. Na Mlima, jamani, usimwoteshe mtu kichwani kama pembe. Kornel aliyashika yote. Akashika na lile la mwisho: mikono ikikosa kazi picha inalala, kwa hiyo mpe mtu kitu ashike.

Lakini ilikuwapo picha moja aliyoitaka kuliko zote, na hiyo Evelyn asingeweza kumfundisha. Alitaka baba yake, Mzee Primus, na baba yake mdogo, Mzee Julius, wakae kwenye benchi moja wapigwe pamoja. Wazee hao ni mtu na mdogo wake, wanaishi Kilema juu, na vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, vimetenganishwa na mstari wa masale tu, mimea ya majani marefu. Hawakuwa wamesemezana tangu kiangazi cha mwaka juzi.

Chanzo kilikuwa mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni, ambao kila nyumba ina zamu yake. Siku ya zamu ya Mzee Primus maji hayakufika. Akasimama mbele ya watu wote waliokuja kusafisha mfongo, akamwita mdogo wake mwizi wa maji. Baadaye ikaonekana ni fuko aliyetoboa kingo huko juu. Watu wakacheka, fuko akatukanwa weee, lakini Mzee Primus hakurudi kulifuta neno lake. Wote wawili ni wazee wa kushikilia fimbo, na kila Kornel alipowaza kwamba mmoja atamzika mwenzake huku wamenuniana, moyo ulimuuma kweli.

Basi mwezi ule Evelyn akatoa kazi: kila mtu alete picha ya mzee wake akiwa nyumbani. Jumapili baada ya misa Kornel akapanda Kilema. Mzee Primus kusikia habari ya picha tu, akaingia ndani, akatoka na koti la kahawia na kofia, akasimama wima kama anayeapishwa.

"Baba, kaa kawaida tu."

"Hii ndiyo kawaida yangu ya picha."

Kwa kubembeleza sana akakubali kuketi penye kivuli cha jiko. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Tatizo likawa mikono, imelala magotini kama ya mtu anayesubiri daktari. Halafu koti la kahawia kwenye ukuta wa udongo, kahawia juu ya kahawia! Macho ya muuza rangi yakaanza kuwasha. Picha ilidai kijani. Kornel akazunguka, akafika mpakani, akachuma jani moja refu linalong'aa, akampa baba yake.

"Shika hili, Baba. Linapendeza."

Mzee akalitazama jani, akamtazama mwanawe. "Unataka nishike hili?"

"Ndiyo, kwa ajili ya rangi."

"Haya," akasema mzee, akawa analichezea vidoleni wakati Kornel akihangaika na simu yake.

Hapo ndipo rangi ilipomla akili. Sale si jani la mapambo. Ndilo linaloonyesha mpaka, ndilo linalopandwa makaburini, na mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani hilo limefungwa fundo, ameomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kukataa. Kornel amezaliwa Kilema na anayajua hayo tangu hajaota meno ya pili. Siku ile aliona kijani tu.

Jioni akaitupia picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na maneno ya kujisifu juu: "Mzee wetu, mwanga wa asili." Siku nyingine picha kama hiyo ingemwagiwa mioyo na vidole gumba. Safari hii kimya. Mwishowe ikaingia simu ya Veronika, binti wa Mzee Julius.

"Kornel, umefanya nini wewe? Nimemwonyesha Baba ile picha. Ameishikilia simu yangu mpaka imeisha chaji. Anasema Jumamosi anavuka mpaka."

"Anavuka kwenda wapi?"

"Kwenu! Kaletewa sale, atakataaje?"

Kornel akakata simu. Mzee wa watu anakuja kupokea msamaha ambao hakuna aliyeuomba! Akigundua kwamba jani lilikuwa pambo, atajiona amefanyiwa mzaha juu ya tusi la zamani, na benchi lile halitakaliwa tena na wawili. Kufuta picha hakungesaidia, ukoo mzima umeshaiona. Wiki nzima alichanganya rangi ovyo. Mteja aliyetaka maziwa akapewa waridi.

Jumamosi aliiacha klabu, akawasha pikipiki, akapanda Kilema kumweleza baba yake kabla mambo hayajaharibika. Alichelewa. Mzee Julius alikuwa ameshaingia uani, Veronika nyuma yake na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba." Mzee hakumtazama. Alikuwa anamtazama aliyeketi kwenye benchi. "Kaka, nimeliona."

Kornel hakuweza kuvumilia. "Baba Mdogo, nisamehe. Lile jani nililichuma mimi. Baba hakulitaka. Ilikuwa kwa ajili ya rangi, koti lilikuwa…"

Veronika alifumba macho. Mzee Julius akanyoosha kidole. "Simu yako hiyo. Fungua picha. Kuza hapo mkononi."

Kornel akakuza. Katikati ya kidole gumba na cha shahada, jani lilikuwa limefungwa fundo, dogo, limekazwa vizuri.

"Na hilo fundo," akauliza mzee, "nalo ni lako?"

Kornel alikuwa amepima mwanga, amegusa uso kwenye skrini, amenyoosha na kola ya koti. Baba yake alifunga fundo mbele ya macho yake na hakuliona.

Mzee Primus akakohoa. "Wewe ulikuwa unapiga picha," akamwambia mwanawe. "Mimi nilikuwa naomba msamaha. Nimelichuma jani hilo mara nyingi tu, miguu inafika mpakani inarudi. Wewe ukaniletea mkononi." Kisha akageuka. "Julius, wewe si mwizi. Nilikusingizia mbele za watu, nikaona aibu kurudi."

Mzee Julius akamnyooshea Veronika mkono. Akapokea kibuyu, akaonja kwanza mwenyewe kama ilivyo desturi, akampa kaka yake, akaketi kwenye benchi kwa kishindo.

"Piga, Kornel! Piga basi!" Veronika akanong'ona.

Kornel aliinua simu, lakini machozi yalimzidi, hakuona kitu. Veronika akampokonya, akamsukuma akakae nao. Ndiyo maana katika picha ile wapo watatu, na yule wa katikati ndiye peke yake anayelia.