Harufu ya Gonja na Propela Yangu

Injini ilipiga kelele, mtumbwi ukasimama. Nikaongeza mafuta, kelele ikapanda, mtumbwi ukabaki palepale. Kiboko akaibuka mbele yetu, karibu hata ningeweza kuhesabu ndevu zake. Wenzangu wawili wakashika makasia. Kiboko akatutazama, akaona hatuna faida, akazama. Ndiyo maana niko hai naandika.

Siku tatu kabla ya hapo, nilipeleka injini kwa fundi wa Bwera, huyu aliyehama kutoka Kilembe na kujiita daktari wa mashine zote. Uzi wa nyavu ulijisokota nyuma ya propela, na propela ikakataa kutoka. Basi daktari akalaza mguu wa injini juu ya sigiri yake ya mkaa, pembeni ya gonja, zile ndizi tamu alizokuwa anachoma.

"Fundi, kuna kitu kinaungua."

"Ni gonja, mzee. Una njaa?"

Nikala. Hilo ni kosa langu, nakubali.

Propela ikatoka, akatoa uzi, akairudisha, akawasha injini ndani ya pipa la maji. Ikaimba vizuri. "Hii itakufikisha Kongo bila pasipoti," akasema. Lakini ndani ya pipa propela haisukumi mtumbwi wala samaki. Kila kitu kinaimba kwenye pipa.

Baada ya kiboko, afande mwenye mtumbwi, mwanajeshi mstaafu, alimpigia fundi simu. Kisha akaniambia, "Fundi anasema unakanyaga injini kama punda. Toka. Kaa mbele, vuta nyavu." Miaka kumi na moja nimeshika usukani wa injini ile.

Nikachukua rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu, nikachora mstari mmoja kutoka chuma cha katikati mpaka kwenye mabawa ya propela. Wenzangu wakacheka: "Injini inaenda harusini?" Tukaingia ziwani kidogo, tukarudi. Mstari ulikuwa umekatika: nusu moja juu, nusu nyingine chini. Chuma kilizunguka, mabawa yakabaki nyuma. Raba inayovishikanisha ilikuwa imeungua.

Nikamwonyesha afande. Akaangalia ule wekundu, akauliza kama mke wangu anajua rangi yake iko wapi.

Mpaka leo navuta nyavu. Kwa hiyo wewe fundi, karakanani kwako pale Bwera, zima sigiri siku moja. Njoo ufukweni, simama mbele ya afande, umwambie siku ile kilichoungua kilikuwa gonja au raba yangu. Nataka kusikia kwa mdomo wako.