Aliyekaa Mahali pa Muli

Hiki si kisa nilichosimuliwa na mtu. Mkono uliomgusa ni huu wangu wa kulia, na ilikuwa jioni, jua bado linawaka, watu wazima wamenizunguka. Ingekuwa usiku ningesema macho yalinidanganya.

Nilikuwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii, nikifanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katika gereza moja huko Kitui. Wenzangu wengi hawakutaka gereza. Mimi nilikubali kwa sababu maombi yangu mengine yote hayakujibiwa. Ofisini nilisaidia kutafuta familia za wafungwa waliokaribia kutoka, na wakati wa mavuno nilipelekwa shambani pamoja na kikosi kilichokuwa kikivuna ndengu, kando ya mto wa mchanga usiokuwa na tone la maji.

Mkuu wa kikosi alikuwa Sajini Kioko, mtu mpole aliyekaribia kustaafu. Kati ya wafungwa nilizoeana zaidi na Muli, kijana wa Zombe aliyebakiza wiki moja tu atoke. Mama yake alikuwa ameniambia kwa simu kwamba nyumba ya mwanawe ameshaipaka rangi.

Sasa elewa jambo hili, maana ndilo kisa chote. Kabla ya kurudi gerezani, wafungwa huchuchumaa kwa mistari ya watano watano, wahesabiwe. Akipungua mmoja, filimbi hulia. Na filimbi ikishalia, yeyote anayetokea vichakani ni mtoro, na bunduki haimuulizi jina.

"Leo hesabu ni yako, mwanafunzi," Sajini aliniambia mchana.

"Mwalimu, ukipoteza mmoja wetu, utachuchumaa wewe mahali pake!" Muli akanitania. Kikosi kizima kilicheka, hata Sajini.

Jioni nikapita mstari kwa mstari, nikigusa kila bega. Mistari minne, yote imejaa.

"Wako kamili, Afande."

Sajini akarudisha filimbi mfukoni. Ndipo nikahisi kiganja kimelowa. Nikakitazama: mchanga. Mchanga mbichi wa mtoni, baridi, umenata kwenye vidole. Niambie, ulitoka wapi? Mvua hatukuwa tumeiona kwa miezi. Bega la mwisho nililogusa lilikuwa la mtu wa mwisho kulia, mstari wa nyuma. Nikamwinamia. Hakuinua kichwa. Alisema taratibu, kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote:

"Kijana wako ameanguka kule chini ya ukingo. Hajatoroka. Mfuate, lakini usikimbie."

Niamini, sikuogopa wakati ule. Woga ulikuja baadaye. Nilimwambia Sajini tumesahau debe la maji, nikashuka. Muli alikuwa amelala kifudifudi mchangani, mwili unachoma kama jiko, debe liko kando yake. Alikuwa amerudi kulichukua, malaria ikamwangusha. Nikaita.

Sajini aliwaachia askari wenzake kikosi, akaja mbio. "Wewe si ulisema wako kamili?"

"Walikuwa kamili, Afande."

Tulimbeba Muli hadi juu. Mstari wa nyuma ulikuwa na watu wanne. Mwisho kulia hapakuwa na mtu, ila alama mbili za nyayo zilizolowesha vumbi. Mfungwa aliyechuchumaa karibu na alama hizo alikuwa amefumba macho, akimwita Yesu kwa kunong'ona.

Sajini hakuniuliza ni nani. Aliuliza, "Alikaa wapi?"

Nilipomwonyesha, alikaa chini na bunduki yake.

"Hapo ndipo alipokuwa akikaa," alisema.

Alikuwa mfungwa, mtu wa Kanyangi, zamani, Sajini akiwa askari mgeni. Jioni moja hesabu ilipungua. Muda mfupi baadaye mto ulifurika kwa ghafla, mvua ikiwa imenyesha mbali kule juu. "Niliposikia maji yale, nilijua yumo humo," Sajini aliniambia. "Lakini filimbi nilikuwa nimeshapiga. Akaandikwa mtoro. Polisi wakaenda kupekua kwao."

Muli alipona, akatoka siku yake ilipofika. Nilipomaliza atachimenti, mimi na Sajini tulikwenda Kanyangi. Mama wa yule mtu bado alikuwa hai. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hakukimbia akakataa kuja kwangu?"

"Hapana, mwaitu," Sajini alimjibu kwa Kikamba, kama anavyoitwa mama. "Hakukimbia."

Akainuka polepole, akavuka ua hadi kwenye kijumba cha mwanawe, ambacho mlango wake ulikuwa wazi. Akaufunga. Baadaye jirani alituambia kwamba mlango ule haukuwahi kufungwa tangu polisi waje.

Siku hizi nafanya kazi Wote, mbali na magereza. Hata hivyo, nikihesabu watu, iwe mkutanoni au kanisani, lazima nikitazame kiganja changu. Hakijalowa tena. Sajini, kabla hajastaafu, aliniambia kwamba hata kule shambani hakuna aliyemwona tena yule mtu. Nadhani mlango ulipofungwa, naye alipumzika.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda kule, nisikilize. Hesabu ikipungua, usikimbilie filimbi. Shuka kwanza hadi ukingoni, uangalie. Aliyekuwa akikaa mahali pa walioanguka ameshakwenda nyumbani. Atakayeanguka, itabidi umtafute wewe.