Laptopu Niliyoletewa na Baba wa Ubatizo

Nilijua ninachotaka. Laptopu nyembamba, maana naibeba mgongoni kwa pikipiki mpaka huko Mururu. Yenye kadi ya michoro ya nguvu, maana nahariri video za harusi na maharusi hawana subira. Na inayokubali mfumo wa Linux bila ugomvi. Nilisoma maoni ya watu mtandaoni mpaka mke wangu akaniuliza kama naoa tena.

Aliyeninunulia Bukavu na kunivushia ni baba wa ubatizo wa binti yangu, mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Kongo na Rwanda kila siku. Alinikabidhi boksi sebuleni kwangu, chai ikiwa mezani.

"Njo yenyewe ile ulinituma, Papa. Iko mwembamba lakini iko na nguvu."

Sikulifungua. Kwetu, mzigo ulioletwa na mtu aliyemsimamia mtoto wako ubatizo haukaguliwi akiwa bado amekaa hapo; ni kumwita mwizi. Angekuwa muuzaji yeyote wa Kamembe, ningeiwasha na kuipekua mpaka achoke.

Alipoondoka nikaiwasha. Kwa macho ilikuwa ileile: kibandiko cha kadi kiko pembeni, na mfumo uliokuja nayo ukataja kila nilichoagiza. Nikaufuta, nikaweka Linux. Linux haikunificha kitu: kadi hakuna, kumbukumbu robo ya niliyotaka; ule mfumo wa kwanza ulikuwa umechezewa useme uongo. Ilikuwa ndugu dhaifu wa ile niliyoichagua, amevalishwa cheo kisicho chake.

Nikampigia simu, nikamweleza yote.

"Ni ile Linux yako njo inaiharibisha," akasema, akakata.

Hata hivyo nilijipa moyo kwamba naye alitapeliwa huko Bukavu. Nilitaka sana iwe hivyo. Laptopu mbovu naweza kuvumilia. Baba wa ubatizo wa mtoto wangu ni mmoja tu, habadilishwi.

Jumapili, nje ya kanisa, binti yangu alimkimbilia akamrukia. Akiwa amembeba, wanakwaya wamemzunguka, yule baba wa ubatizo akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Papa, mashini inatembea muzuri?"

Nilimtazama mtoto, mikono yake shingoni mwa yule mtu.

"Muzuri sana, Parrain," nikamjibu, kwa jina tunalomwita baba wa ubatizo.

Mtu aliyetapeliwa angelishangaa jibu hilo, maana nilikwisha kumwambia kwamba ni mbovu. Yeye alishusha pumzi, akatabasamu, akamtolea binti yangu biskuti mfukoni.