Baba Alipozima Gari Mteremkoni

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na maneno niliyokosea, naandika polepole. Leo hapa Boko limepita lori linanuka breki za moto, nikakumbuka nilipokuwa mdogo.

Tulikuwa tunarudi kutoka Iringa. Mjomba, mwenye gari la dizeli aliloliacha nyumbani, alikuwa amepanda nasi, akimtania baba njia nzima kwamba letu la petroli linakunywa mafuta kama ng'ombe. Kwenye mteremko wa Kitonga baba akazima injini ili abane mafuta. Gari likashuka kimya, likazidi kasi, na breki, bila injini kuzisaidia, zikawa ngumu kukanyaga.

"Shemeji, washa," mjomba alisema. "Sikutanii tena."

Baba aliupapasa ufunguo mara mbili kabla ya kuugeuza. Injini iliwaka tukiwa karibu kuligonga lori lililokuwa mbele yetu likinuka breki za moto, na breki zetu zikashika.

Kama nanyi mmewahi kumwona baba yenu akiogopa, niandikieni.