Kitambaa cha Mama Mmbone

Jumapili moja naikumbuka, mwanangu, kama naiona. Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa tarishi mjini Kakamega, na nilikuwa nimenunua amplifaya ya mtumba yenye spika zake mbili. Sikutosheka. Nikaunda spika nyingine mbili kwa mbao, nikaziunga palepale kwenye nyaya za zile za kwanza, nikajiona fundi. Shule yangu ilikomea darasa la saba, lakini kujivuna hakuhitaji cheti.

Mke wangu, Mama Mmbone, aliipenda amplifaya ile kuliko mimi. Aliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya njano, akaifunika, kama tulivyofunika kila kitu siku zile: viti, meza, hata mtungi wa maji.

Basi Jumapili hiyo wenzake wa kwaya walikuja kusikiliza kaseti ya nyimbo zao. Wimbo wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukakatika katikati. Nikaigusa amplifaya: inachoma kama sufuria ya ugali. Nikakivuta kitambaa, nikakitupa kitini.

"Ni hivi vitambaa vyako! Utafunika mpaka kuku?"

Wageni wakacheka. Mama Mmbone akakiokota, akakikunja polepole, akaenda kuleta chai.

Kesho yake niliibeba mpaka kwa Fundi Wanjala, mzee mwenye kibanda karibu na soko. Akapuliza vumbi, akaunga spika mbili, kaseti ikacheza pande zote mbili bila kukatika. Akaniuliza nyumbani nilikuwa na spika ngapi. Nikamwambia nne.

"Weh! Ng'ombe mmoja umemfunga mikokoteni miwili ya miwa, halafu unashangaa akitoka jasho?"

"Nilidhani ni kitambaa, mzee."

"Kitambaa nacho kitoe, matundu haya ndiyo pua yake. Lakini aliyemchosha ni wewe. Ulimwambia nani kwamba ni kitambaa?"

"Mke wangu."

"Mkiwa wawili?"

Nikamwambia walikuwepo wageni. Mzee akakaza skrubu ya mwisho. "Basi kijana, waya huo mimi siwezi kukuungia. Nenda ukauunge palepale ulipoukata."

Nilimsikia, nikajifanya sikumsikia. Jioni nilimfuata mke wangu jikoni nikamwomba radhi. Alikuwa akisonga ugali, hakugeuka.

"Nimesikia, Baba Mmbone. Lakini si mimi niliyecheka."

Nyani haoni kundule, husema wahenga. Mimi langu nilishaliona, ila sikutaka wengine walione. Wiki mbili hakwenda mazoezi ya kwaya. Alisema kichwa kinamuuma, na mimi nilijua si kichwa. Mwisho nikawaalika akina mama tena. Nilisimama mbele yao.

"Siku ile nilimsingizia mke wangu. Kosa lilikuwa langu, nilizidisha spika."

Mmoja wao, Mama Ambani, akapiga makofi. "Kumbe aliyeshika moto ni mwenye nyumba!"

Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi, na Mama Mmbone akacheka kuliko wote, mpaka akakaa chini. Jumatano akarudi kwenye kwaya.

Sasa ni msimu wa pili wa mvua tangu tumzike. Sitakudanganya kwamba nilikuwa mume mwema siku zote. Yapo niliyoyaacha bila kuyatengeneza, na wa kumwambia hayupo tena. Hilo moja nililitengeneza, na ndilo linalonipa usingizi.

Basi sikia, mwanangu. Chombo kikizima, angalia kwanza ulichokifanya kwa mikono yako, kabla hujatafuta wa kulaumu. Usikibebeshe kuliko nguvu zake, na ukiache kipumue. Na ukimwaibisha mtu mbele za watu, usimwombe radhi pembeni ukadhani umemaliza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ulimi ukijikwaa barazani, uinuke barazani.

Mungu akupe mwenzi atakayekucheka bila kukudharau, na akupe miaka mingi ya kumsikia.